Lugha ya Mtihani na Lugha ya Konde: Mwanafunzi Mchina, Mwanafunzi Mwamu, na Kiingereza Huko Kililana

Katika makala haya nakusudia kuichungua historia ya jambo ambalo sisi tuliopitia madarasani twalijua kwa maumivu yake kuliko kwa asili yake, nalo ni mtihani wa Kiingereza. Sitauangalia mtihani huo kutoka Nairobi wala London, bali kutoka Kililana, upande wa bara wa Ghuba ya Manda, katika wilaya ya zamani ya Lamu. Huenda msomaji akastaajabu kwamba mahali pa makonde ya mahindi na mikorosho, penye wenyeji wasemao Kiamu na Kibajuni, pamechaguliwa kuwa uwanja wa mjadala wa namna hii. Lakini ni hapo Kililana ambapo, katika miaka ya karibuni, watu wa namna mbili waliokifikia Kiingereza kwa njia ya mtihani wamekutana uso kwa uso, na Kiingereza chenyewe si cha yeyote kati yao.

Habari za bandari zinajulikana, kwa hiyo nitazipitia upesi. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, pamoja na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudani Kusini, alizindua mradi mkubwa wa njia za uchukuzi kutoka Lamu hadi nchi hizo mbili. Kazi ya kujenga gati tatu za kwanza ilipewa kampuni kutoka China mwaka wa 2014, na gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Pamoja na mitambo walikuja wahandisi, wapishi, madereva, na, jambo linalotuhusu hapa, wakalimani. Hao walikuwa vijana waliotoka vyuoni, na lugha waliyokuja nayo ilikuwa Kiingereza.

Si mara ya kwanza kwa Wachina kufika pwani hii na mkalimani. Katika safari za Zheng He, zilizofanywa baina ya mwaka wa 1405 na 1433, palikuwa na wafasiri, na aliye mashuhuri zaidi kati yao, Ma Huan, alikuwa Mwislamu. Mwaka wa 1407 serikali ya Ming ilikuwa imeanzisha ofisi ya kuwafundisha vijana lugha za mataifa ya nje, na Kiajemi kilikuwa miongoni mwazo. Yaani lugha zilizotakikana wakati huo zilikuwa zile zilizotumika katika biashara ya bahari yetu. Hadithi za Siyu na Shanga juu ya mabaharia Wachina waliookoka jahazi lilipovunjika zimeandikwa mno katika magazeti, na mimi sina haja ya kuziongeza chumvi. Yatosha kusema kwamba mwaka wa 2013 wataalamu wa mambo ya kale walipata katika kisiwa cha Manda sarafu ya zama za mfalme Yongle, aliyewatuma mabaharia hao.

Tukitaka kumwelewa mkalimani wa leo hatuna budi kuanza na mtihani kabla ya kuanza na Kiingereza, maana China ilikuwa nchi ya mitihani kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja kabla Kiingereza hakijaingia humo. Mtihani wa kuwateua maofisa wa serikali ulimtaka mtahiniwa avihifadhi vitabu vya wahenga na kutunga insha kwa kanuni kali. Ulifutwa mwaka wa 1905. Kabla ya hapo, mwaka wa 1862, baada ya kushindwa vitani na Waingereza na Wafaransa, dola ilikuwa imefungua Beijing shule ya lugha za kigeni, na somo la kwanza kufundishwa humo lilikuwa Kiingereza. Tangu mwaka wa 1909 vijana walianza kushindania kwa mtihani nafasi za kwenda kusoma Marekani. Kwa hiyo mtihani wa vitabu vya wahenga ulipokufa, kiti chake hakikukaa kitupu kwa muda mrefu.

Hata hivyo njia haikuwa imenyooka. Baada ya mapinduzi ya 1949 Kirusi ndicho kilichopewa daraja la kwanza, na Kiingereza kikarudi mbele polepole mapema katika miaka ya 1960. Mwaka wa 1966 mtihani wa kuingia vyuo vikuu ulisimamishwa, na haukurejeshwa mpaka mwishoni mwa 1977, ambapo watahiniwa wapatao milioni 5.7 walijitokeza, wengi wao wakitoka mashambani na viwandani. Alama za lugha ya kigeni zilipandishwa uzito kwa ngazi, mwaka baada ya mwaka, hata kufikia 1983 zikahesabiwa zote sawa na za masomo mengine. Mwaka wa 1981 mtihani wa Kimarekani wa Kiingereza kwa wageni ulianza kufanywa China, na mwaka wa 1987 ukaanzishwa mtihani wa taifa wa Kiingereza kwa wanafunzi wa vyuo, wenye Daraja la Nne na la Sita. Vyuo vingi viliufanya huo wa Daraja la Nne kuwa sharti la kupata shahada. Mwanafunzi wa kilimo au wa ujenzi wa madaraja, ambaye hakutazamia kuzungumza na Mwingereza maishani mwake, alijikuta hawezi kuhitimu bila ya lugha ya Mwingereza.

Maandalizi yake yalikuwaje? Hapa nasema kwa niliyoyaona kwa macho, kwa kuwa nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili niliishi jengo moja na wanafunzi Wachina, na nyakati za alfajiri nilikuwa nikiwasikia wakisoma kwa sauti ukumbini. Kila mmoja alikuwa na kitabu cha msamiati, maneno maelfu kwa maelfu yamepangwa kwa alfabeti. Neno la kwanza katika vingi vya vitabu hivyo ni "abandon", yaani kuacha, kutupa, kutelekeza. Wachina wenyewe wana mzaha juu yake, kwamba mwanafunzi hufungua kitabu, hukutana na neno la kuacha, naye hukifunga kitabu akaacha. Wasioacha hurudi kesho yake wakaanza tena palepale mwanzo, na ndiyo maana hakuna neno la Kiingereza wanalolijua barabara kama hilo. Mwaka wa 1993 Yu Minhong, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza, alianzisha Beijing shule ya matayarisho ya mitihani hiyo, New Oriental, na biashara hiyo ikawa kubwa kupita kiasi. Mwanafunzi hafundishwi humo lugha tu. Hufundishwa mtihani wenyewe: jinsi mtungaji wa maswali anavyofikiri, jibu lipi litupwe kwanza, insha ifunguliwe kwa sentensi gani.

Msomaji wa pwani asiharakishe kucheka. Mtoto wa Lamu naye alilelewa katika jambo lilo hilo. Chuoni alihifadhi Kurani kwa sauti, akaingia skuli akakuta Kiingereza nacho kinahifadhiwa kwa sauti. Mitihani ya sekondari iliongozwa kutoka Cambridge mpaka Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilipoanzishwa mwaka wa 1967, na Kenya ikapata baraza lake yenyewe mwaka wa 1980. Lakini linalonisikitisha zaidi ni mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliodumu mpaka 1984. Ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, hesabu, na karatasi ya maarifa ya jumla. Kiswahili hakikuwamo. Mtoto aliyezaliwa katika nchi ya Mwana Kupona, nyumba ya pili kutoka kwa mtu ahifadhiye tenzi usiku kucha, alipimwa akili yake kwa lugha aliyoisikia kwa mwalimu tu, na lugha aliyokuwa bingwa wake haikumpa hata alama moja. Ilipofika 1985, kwa mfumo mpya wa elimu, ndipo Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Watu wazima wengi wa Kililana walikuwa wamekwisha kutoka shuleni.

Sasa yafaa tutazame lugha zenyewe, kwa kuwa hapa pana jambo ambalo sijaliona likitiliwa maanani. Makosa ya mwanafunzi Mchina na ya mwanafunzi Mswahili katika Kiingereza hufanana mno. Kichina hakina vile vijineno viwili vitanguliavyo nomino katika Kiingereza, kimoja cha kitu kijulikanacho na kingine cha kisichojulikana. Kiswahili pia hakina. Mchina husema "ta" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Sisi twasema "yeye", na kiambishi "a-" hakijali kama ajaye ni baba au mama. Ni kweli kwamba katika maandishi Wachina hutenganisha herufi ya mwanamume na ya mwanamke, ila tofauti hiyo yenyewe ilizuka mapema katika karne ya 20, kwa ajili ya kufasiri vitabu vya Ulaya. Silabi za Kichina cha kawaida huishia kwa irabu au kwa sauti za puani, na za kwetu huishia kwa irabu, basi wote wawili hujikwaa penye konsonanti tatu zilizosongamana mwishoni mwa neno la Kiingereza.

Wanapoachana ni penye kitenzi. Mswahili ana "-li-", "-na-", "-ta-" na "-me-", na Mwamu ana zaidi ya hizo. Wakati kwake ni sehemu ya mwili wa kitenzi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo. Muda hujulikana kwa maneno mengine yaliyomo katika sentensi, na ukamilifu kwa kijineno kifuatacho kitenzi. Kwa hiyo Mswahili aendapo kwenye mtihani huuliza umbo la wakati huu ni lipi, na Mchina huuliza kwa nini kitenzi kisumbuliwe wakati neno "jana" limekwisha kutajwa. Naona swali la pili lina haki yake.

Twaweza kuuliza: yote haya yana uzito gani nje ya darasa? Kanuni za Kenya za mwaka wa 2003 juu ya tathmini ya mazingira zinataka tangazo la mradi litolewe redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha za mahali, na Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu huko Malindi, katika kesi ya bandari, iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa wala kupewa habari ipasavyo, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mimi si mwanasheria. Lakini mtu aliyefunzwa lugha hawezi kusoma maneno "kupewa habari" asijiulize habari hiyo ilipita katika vinywa vya nani kabla ya kufika sikioni mwa mwenye konde.

Nilipozuru Kililana nilifuatana na mkalimani mmoja kijana, siku yake ya mapumziko, akiwa na hamu ya kuona kijiji. Aliniambia amefaulu Daraja la Sita na kwamba katika miaka yote ya kujitayarisha hakuwahi kuzungumza Kiingereza na mtu asiye Mchina. Tukakutana na mzee ameketi kivulini na mwanawe wa kiume, aliyemaliza kidato cha nne. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, kijana akauliza kwa Kiingereza kipande kile cha ardhi chenye vichaka ni cha nani. Yule mwana akamfasiria baba yake. Mzee akajibu kwamba ni konde lake, ameliweka lipumue, maana ardhi ya huku ikilimwa miaka mfululizo huchoka. Mvua zijazo mbili au tatu atalifyeka tena. Mwana akatafuta maneno. Neno la kupumua kwa ardhi halikuwamo katika kitabu alichosomea, basi akasema kwa Kiingereza: tumeliacha, ni msitu. Mkalimani akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa zamani, akasema, "Abandoned."

Yule mwana akaitikia ndiyo. Wala hakukosea kwa kipimo cha mtihani: mwalimu yeyote angempa alama, na mkalimani pia angepata yake. Kila mmoja alifanya vile alivyofunzwa. Ila konde lililopumzishwa lilikuwa limekwisha kuwa ardhi iliyotupwa, nalo lilifika hapo kwa hatua mbili tu, mchana, bila ya nia mbaya ya mtu. Siku ile hapakuwa na karatasi ya kutiwa saini. Sijui kuwaza ingekuwaje kama ingalikuwapo.

Nikaona haya kunyamaza. Nikamweleza mzee kwa Kiswahili lilivyofasiriwa, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwambie," aliniambia, "mtu akilala hakufa." Nikamfasiria kijana, na kwa kuwa Kiingereza changu nami ni cha mtihani, nilichukua muda. Akatoa daftari lake mfukoni, lile la msamiati, akaniomba nimtajie neno la mzee kwa silabi. Akaliandika konde kwa herufi za Kirumi, akaweka na alama za Kichina pembeni. Alipotaka kuliweka mahali pake katika alfabeti hakupata nafasi, maana ukurasa wa K ulikuwa umejaa maneno ya Kiingereza, akaliandika nyuma ya jalada.