Takwimu za Visiwani: Nani Alihesabu, Nani Alihesabiwa?

Vijana wa skuli yetu wanaokaribia kumaliza kidato cha sita mara nyingi huuliza: masomo ya takwimu na ekonometriki ya chuo kikuu yana faida gani kwa mtu wa visiwani? Wako wanaoyaogopa kwa kuwa yamejaa hesabu, na wako wanaoyadharau wakidhani ni kazi ya karani wa kujumlisha. Makala haya yanaeleza kwa ufupi historia ya takwimu katika Unguja na Pemba, ili ionekane kwamba jambo hili si geni kwetu. Lililo geni ni sisi wenyewe kushika kalamu, kwani kwa muda mrefu tulikuwa watu wa kuhesabiwa tu.

Hesabu kubwa za mwanzo za Unguja zilikuwa za forodhani. Katika karne ya 19, zama za Seyyid Said na wanawe, ushuru wa bandari ulikodishwa kwa mfanyabiashara, naye akamlipa Sultani fungu la fedha walilokubaliana kwa mwaka. Kwa miaka mingi aliyekodi ni nyumba ya Jairam Shivji. Pembe, sandarusi na karafuu zilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35, zikaandikwa daftarini. Lakini daftari lilikuwa la mfanyabiashara. Sultani alijua kiasi alicholipwa. Kiasi kilichopita forodhani alikijua mwenye daftari. Hapa pana somo la kwanza: mwenye takwimu ana nguvu kuliko asiyenazo, hata kama huyo asiyenazo ni mfalme.

Waingereza walipoweka himaya yao mwaka 1890, daftari lilihamia katika ofisi za serikali. Afisa wao mmoja, R. H. Crofton, alikusanya takwimu za nchi za tangu 1893 hadi 1920 katika kitabu kimoja. Baadaye zikafuata sensa, na ndani ya sensa hizo mna jambo la kuzingatiwa sana. Katika sensa ya 1924, watu zaidi ya 30,000 waliandikwa kuwa ni Waswahili. Katika sensa ya 1931, miaka 7 tu baadaye, walioandikwa Waswahili walikuwa kiasi cha 2,000. Je, Waswahili walikumbwa na tauni? Walihama? La. Watu walikuwa wale wale, katika nyumba zile zile za Ng'ambo na mashamba. Jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunasibishwa na utumwa, na wengi wakachagua kuandikwa kwa majina mengine, kama vile Shirazi. Mtu asiyejua habari hii, akichukua tarakimu zile mbili na kuchora mstari, angesema kabila zima linatoweka. Hili ni somo la pili: tarakimu inaweza kuwa sahihi katika kujumlishwa kwake na bado ikasema uongo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili likaja jambo jipya. Mwaka 1948 na 1949 Profesa Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliongoza uchunguzi wa maisha ya watu wa Unguja na Pemba: nyumba zao, kazi zao, ardhi na mikarafuu yao. Hakumwuliza kila mtu. Alitumia njia ya sampuli, na matokeo yakajaza juzuu nyingi. Njia hiyo si ngeni kwa aliyewahi kuuona ukaguzi wa karafuu ghalani. Mkaguzi hamwagi gunia zima. Huchoma bambo na kutoa kiasi cha kiganja. Lakini akichoma juu tu, ataona alichotaka muuzaji akione. Lazima achome juu, kati na chini, na magunia ayateue yeye bila ya kuchaguliwa. Sehemu kubwa ya elimu ya takwimu ya chuo kikuu ni hiyo: namna ya kuchoma bambo kwa haki, na namna ya kukadiria ukubwa wa kosa linaloweza kubakia. Uchunguzi wa Batson ulikuwa wa maana, na wanahistoria wanautumia mpaka leo. Hata hivyo, maswali yalitungwa na wageni, na majibu yalipigiwa hesabu ng'ambo ya bahari.

Kwa kuwa visiwani hapakuwa na chuo kikuu, Mzanzibari aliyetaka elimu hiyo ilimbidi avuke bahari. Njia iliyojulikana zaidi ilikuwa ya Makerere: chombo hadi Mombasa, kisha gari moshi hadi Kampala. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kwa mafunzo ya ufundi, ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Dar es Salaam ilipata chuo chake Oktoba 1961, kikiwa na kitivo cha sheria tu. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila kimoja kikashika njia yake. Mwaka 1969 ilianzishwa Makerere taasisi ya takwimu na uchumi kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ili nchi za Kiafrika zilizopata uhuru zipate watakwimu wao wenyewe. Dar es Salaam nako kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, ambacho kimefunza watumishi wa idara za takwimu wa nchi nyingi.

Sasa tuje kwenye ekonometriki. Neno hili lilitiwa katika matumizi na Ragnar Frisch wa Norway mwaka 1926, na mwaka 1969 yeye na Jan Tinbergen wa Uholanzi walikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Maana yake ni kuupima uchumi kwa takwimu, na hakuna mfano mzuri kwetu kuliko karafuu. Bei ikipanda, mkulima hupanda miche. Lakini mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 hivi kabla ya kuanza kuzaa. Tena mkarafuu haulingani mazao: mwaka huu huzaa sana, mwaka ujao hupumzika. Na zama Zanzibar ilipokuwa muuzaji mkubwa kabisa duniani, wingi wa mavuno yetu wenyewe uliisukuma bei. Basi je, bei ndiyo iliyovuta mavuno, au mavuno ndiyo yaliyovuta bei? Anayelinganisha bei na mavuno ya mwaka mmoja hataweza kujibu. Ekonometriki ni elimu ya kuyatenganisha mambo mawili yaliyosukana namna hiyo.

Wakati mwingine maumbile humsaidia mtafiti. Tarehe 15 Aprili, 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Visiwa viwili, mtawala mmoja, soko moja. Kimoja kimepigwa, kingine kimeachwa. Tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Wanauchumi wa leo huyatafuta sana matukio kama hayo, kwa sababu yanaonyesha sababu na matokeo waziwazi.

Na hasara ya kusoma tarakimu vibaya si ya vitabuni tu. Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu ilikuwa juu, na karafuu ndiyo ilikuwa tegemeo kubwa la fedha za kigeni. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zake za kretek. Lakini Indonesia ilikuwa ikipanda mikarafuu yake yenyewe. Miche hiyo ilipoanza kuzaa kwa wingi, katika miaka ya 1980, bei iliporomoka vibaya, na shida ikaingia katika kila nyumba ya mkulima. Aliyetazama mstari wa bei peke yake aliona neema isiyokwisha. Aliyehesabu miche ya mnunuzi angeona hatari miaka kadhaa mapema.

Leo hali imebadilika. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilifunguliwa Tunguu mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Tunayo Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Sensa ya 1958 ilihesabu watu 299,111 katika visiwa vyetu. Ile ya 2022 ilihesabu 1,889,773, zaidi ya mara 6. Watu hawa wanahitaji maji, skuli, hospitali na ajira, na hakuna kati ya hivyo kinachopangika kwa kubahatisha.

Kwa hiyo, vijana wetu, msiikimbie hesabu madarasani. Na kila mkiletewa tarakimu, ulizeni mambo matatu: nani kaihesabu, kahesabu vipi, na waliohesabiwa waliitwa kwa jina gani. Wazee wetu hawakupata nafasi ya kuuliza hayo. Nyinyi mmeipata.