Kabla ya kuitwa machinga, alikuwa na mikorosho

Ndugu zangu, tangu shule ya msingi tumekaririshwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Mimi nililijibu hilo kwenye mtihani, nikapata vema yangu, nikasahau. Jumamosi iliyopita jirani yangu mmoja hapa Vingunguti kanikumbusha.

Ni mzee wa Newala, anatembeza mikanda na soksi. Nilimkuta barazani anatafuna korosho alizoletewa kutoka nyumbani. Nikamwamkia, kisha nikamtania: mzee, utajiri wote huo uliukimbiaje? Hakucheka. "Mwanangu, sisi hatukuikimbia mikorosho. Tulihamishwa."

Basi nikaenda kusoma, maana nilijiona mjinga.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho kama tani 145,000, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi. Tulikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Miaka 13 tu!

Kulitokea nini? Kwanza, vijiji. Mwaka 1972 TANU ilikutana Iringa na kutangaza Siasa ni Kilimo. Novemba 1973 ikaja amri kwamba kufikia mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Nia ilikuwa kuwafikishia watu shule, zahanati na maji, na siibezi. Lakini mkorosho hauhamishiki. Korosho huokotwa chini baada ya bibo kudondoka, kwa hiyo lazima shamba lifyekwe na mwenyewe awe karibu. Baba yake mzee huyu alihamishiwa mwendo wa saa mbili kutoka shambani kwake. Majani yakaota, moto ukapita, korosho zikaozea humo.

Pili, bei. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mkulima akabaki na mnunuzi mmoja tu, mamlaka ya serikali. Fungu lake katika bei ya soko la dunia likazidi kupungua. Nani atahangaika kufyeka kwa malipo hayo? Tatu, ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ukaikuta mikorosho iliyokwisha kutelekezwa.

Kichekesho ni kwamba miaka hiyohiyo serikali ilikopa Benki ya Dunia ikajenga viwanda vikubwa vya kubangulia. Vilipokuwa tayari, korosho hakuna! Vingine vikaishia kuwa maghala. Deni, bila shaka, halikuishia ghalani.

Sasa rudini mjini. Neno machinga tunalitumia kila siku, lakini wangapi tunajua kwamba Machinga ni jina la watu na mahali huko Lindi? Vijana wa kusini walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutembeza bidhaa Dar es Salaam, jina likawaganda wote. Sitadai kwamba korosho peke yake iliwaleta. Ila jirani yangu aliingia mjini mwaka 1984, na anasema kama mikorosho ya baba yake ingekuwa inalipa asingepanda basi.

Oktoba 2021 machinga walipoondolewa kandokando ya barabara za jiji hili, wengi wetu tulishangilia usafi. Tulijadili walikowekwa. Hatukujadili walikotoka.

Msidhani ni hadithi ya zamani tu. Korosho ilifufuka, na msimu wa 2017/18 ikapita tani 300,000. Halafu bei ikaanguka, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaagiza serikali inunue yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaenda kusini. Wakulima walishangilia, kisha wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Na hadi leo sehemu kubwa ya korosho yetu inasafirishwa ikiwa ghafi, tunawaachia wengine ajira ya kuibangua.

Ninachokiona mimi ni kwamba katika historia yote hii mkulima aliamriwa mahali pa kuishi, mtu wa kumuuzia na bei ya kupokea. Mara chache sana aliulizwa. Mkulima wa namna hiyo hagomi wala haandamani. Anaacha shamba, anakuja Vingunguti kupanga chumba.

Au wenzangu mnaonaje? Hasa nyie mnaotoka kusini, waulizeni wazee wenu kabla hawajaondoka.