Msimamizi Mkuu wa Shule na Bodi Yake: Historia ya Mvutano wa Mamlaka nchini Marekani

Insha hii inajadili namna wasimamizi wakuu wa shule na viongozi wa bodi nchini Marekani walivyouelewa wadhifa wa msimamizi mkuu. Hoja yake ya msingi ni kwamba mvutano baina yao umetokana na muundo wa wadhifa wenyewe kuliko tabia za wahusika.

Mwaka 1837, miji ya Buffalo na Louisville iliteua wasimamizi wakuu wa kwanza. Awali, wajumbe wa bodi, raia wasio wataalamu wa elimu, ndio waliokagua shule na kuajiri walimu. Miji ilipopanuka, kazi hiyo iliwalemea, wakaajiri msaidizi. Hata hivyo, mamlaka ya kisheria yalibaki mikononi mwao. Hivyo msimamizi alitakiwa kuwaongoza watu walewale waliokuwa na uwezo wa kumfukuza.

Chicago inadhihirisha athari za hali hiyo. Ella Flagg Young, aliyeteuliwa mwaka 1909, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza shule za mji mkubwa nchini humo. Mwaka 1913 aliondoka kutokana na mgawanyiko wa bodi, kisha akarejeshwa baada ya umma kulalamika. William McAndrew, aliyeteuliwa mwaka 1924, alisisitiza kwamba uendeshaji wa shule ni kazi ya mtaalamu. Mwaka 1927 bodi ilimsimamisha kazi kwa madai ya ukaidi. Walimu wengi hawakumtetea, kwa kuwa alikuwa amefuta mabaraza yao.

Mwaka 1958, Neal Gross na wenzake walichapisha utafiti wa Massachusetts uliowahoji wasimamizi 105 na wajumbe wa bodi 508. Ilibainika kwamba kila upande ulijipa majukumu makubwa kuliko yale uliyopewa na upande wa pili. Miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa ni ajira na mishahara ya walimu, pamoja na bajeti.

Matokeo hayo yanaonesha kwamba swali la mwaka 1837 lilikuwa bado halijajibiwa. Anayeumia kwanza mipaka isipojulikana ni mwalimu anayesubiri kuajiriwa na mwanafunzi asiye na mwalimu. Kwa hiyo, mtafiti anayeuhoji upande mmoja tu hupata nusu ya wadhifa huo.