Kimya cha Kipindi cha Hesabu: Kanuni za Darasa na Ujifunzaji wa Hisabati katika Madarasa ya Mwanzo

Katika shule nyingi za msingi za Tanzania, nidhamu na hesabu hushughulikiwa kama mambo mawili yasiyojuana. Nidhamu ina mwalimu wake, viranja wake na kanuni zake zilizobandikwa ukutani. Hisabati ina muhtasari wake, kiongozi cha mwalimu na vipindi vyake. Watoto wakishindwa kutoa kwa kukopa, lawama huenda kwa uhaba wa vitabu, msongamano wa wanafunzi au upungufu wa mafunzo ya walimu. Ni nadra mtu kuuliza kama kanuni zenyewe za darasa zimechangia. Hoja ya makala haya ni kwamba zinachangia, tena kwa kiasi kikubwa. Mtoto wa darasa la kwanza na la pili hujifunza namna ya kukaa darasani na namna ya kuhesabu kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa mwalimu huyo huyo, na lile la kwanza ndilo huamua la pili litakuwaje.

Kanuni zenyewe zinafahamika kwa yeyote aliyesoma shule hizi. Kaa kimya. Usitazamie kwa mwenzako. Usihesabu kwa vidole, wewe si mtoto wa chekechea. Daftari liwe safi. Mwalimu akitoka, kiranja husimama mbele na kipande cha karatasi akiandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu akimaliza kueleza huuliza, "Tumeelewa?" na darasa zima huitikia, "Ndiyo mwalimu!" Kila kanuni ina sababu yake, wala si haki kuwabeza walimu wanaozishikilia. Mwalimu mwenye watoto 90 au zaidi ndani ya chumba kimoja, kipindi kikiwa cha nusu saa, hana budi kutafuta utulivu kwanza. Tatizo ni kwamba kanuni hizi zilitungwa kwa ajili ya utulivu peke yake, na somo la hesabu likaambiwa lijibane humo humo.

Tuchukue swali moja, 52 − 17. Mtoto wa darasa la pili anaandika 45. Mwalimu anaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na kuhamia dawati linalofuata. Lakini 45 si jibu la kubahatisha. Mtoto ameanza upande wa mamoja, amekuta 2 juu na 7 chini. Tangu darasa la kwanza ameambiwa kwamba kidogo ndicho hutolewa kwenye kikubwa, basi ametoa 2 kwenye 7 akapata 5. Amehamia kwenye makumi, ametoa 1 kwenye 5, amepata 4. Hesabu zote mbili ndogo amezifanya sawasawa. Kilichompita ni kwamba ile 5 ya makumi ni mafungu matano ya kumi kumi, na kwamba fungu moja laweza kufunguliwa. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton, baada ya kuchambua maelfu ya majibu ya wanafunzi, walionyesha kwamba makosa ya kutoa mara nyingi yana mpangilio: mwanafunzi anafuata utaratibu fulani kwa uaminifu, ila utaratibu wenyewe una kasoro. Kutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu ni mojawapo ya kasoro zinazojulikana zaidi.

Kosa la namna hiyo halitibiki bila kusikia mtoto alivyolifikia. Hapo ndipo kanuni za darasa zinapoingia. Mtoto aliyezoeshwa kwamba kusema bila kuulizwa ni utovu wa nidhamu, na kwamba kukosea hadharani ni aibu au hata kiboko, hatasema alivyofikiri. Atatafuta jibu la jirani kwa pembe ya jicho, alifute lake kwa mate na kuandika 35. Mwalimu ataweka alama ya pata, na kasoro itahamia naye darasa la tatu ikiwa salama salimini. Huko itakutana na 204 − 36, ambako kwenye makumi kuna sifuri, na hali itazidi kuwa mbaya.

Marufuku ya vidole ndiyo ninayoiona kuwa na madhara kuliko zote. Mtoto anayehesabu kwa vidole yuko njiani kutoka kwenye vitu kuelekea kwenye tarakimu, na vidole ni daraja lake. Ukimkataza kabla hajavuka, haachi kuhesabu kwa vidole. Anavishusha chini ya dawati, anavigusagusa pajani huku macho yakimtazama mwalimu, na sasa nusu ya akili yake inahesabu, nusu inajificha. Mtoto anayejua kuwa 8 na 5 ni 13 ataviacha vidole mwenyewe, kwa sababu vinamchelewesha.

Upande wa sheria nao unashangaza ukiutazama vizuri. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, pamoja na marekebisho ya mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viingizwe katika kitabu maalumu, na viwe kwa ajili ya utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito linaloharibu jina la shule. Hakuna mahali katika masharti hayo ambapo 45 badala ya 35 ni utovu wa nidhamu. Kiboko cha hesabu, kile ambacho mtoto huchapwa kulingana na idadi ya alizokosa, kiko nje ya sheria hata katika nchi ambayo bado inaruhusu viboko shuleni. Kenya ilikwenda mbali zaidi: ilipiga marufuku viboko mwaka 2001 na kuutilia mkazo msimamo huo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013.

Je, kuondoa bakora kunatosha? Ushahidi wa karibu unatoka Uganda. Wilayani Luwero, mpango wa Good School Toolkit ulioandaliwa na shirika la Raising Voices la Kampala ulipimwa katika shule 42 za msingi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015 na Karen Devries pamoja na wenzake. Katika shule zilizopata mpango huo, asilimia 31 ya wanafunzi walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na watumishi wa shule katika wiki iliyotangulia. Katika shule nyingine walikuwa asilimia 49. Tofauti hiyo ni kubwa, na mtoto ana haki ya kutopigwa hata kama alama zake hazipandi. Lakini katika majaribio ya masomo, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Wapo wanaosoma matokeo hayo kama uthibitisho kwamba nidhamu na ujifunzaji havihusiani. Mimi nayasoma vinginevyo. Bakora ikiondoka, inaacha nafasi, na nafasi hiyo isipojazwa na matarajio mapya yanayohusu somo lenyewe, kimya kinabaki pale pale ila bila maumivu. Mtoto hapigwi kwa kukosa, wala haulizwi alivyopata jibu.

Erna Yackel na Paul Cobb walilieleza jambo hili mwaka 1996 kwa kutazama kwa makini darasa la pili la shule moja nchini Marekani. Walitenganisha desturi za darasa za jumla, kama vile kusikilizana na kueleza unachofikiri, na desturi zinazohusu hisabati yenyewe: maelezo gani yanakubalika kuwa maelezo, njia ipi ni tofauti kweli na ile iliyotangulia, njia ipi ni nyepesi zaidi. Darasa laweza kuwa na adabu njema, watoto wakinyoosha mikono na kupokezana zamu, na bado kila anayesema akawa anataja jibu tu bila sababu. Kwetu mjadala wa nidhamu haujafika hata kwenye ngazi ya kwanza, kwa kuwa tunapotaja nidhamu tunamaanisha utulivu wa mwili.

Turudi kwenye 52 − 17, katika darasa ambalo matarajio yamebadilika. Mwalimu anaandika 45 na 35 ubaoni bila kutaja nani kapata lipi. Watoto wawili wanaitwa mbele. Mmoja anapewa mafungu matano ya vijiti kumi kumi yaliyofungwa kwa kamba, pamoja na vijiti viwili pembeni. "Mpe mwenzako 17." Anatoa fungu moja. Anatafuta vijiti saba, anavyo viwili. Anamtazama mwalimu, mwalimu hasemi kitu. Kuna anayepaza sauti nyuma, "Fungua!" na kamba inafunguliwa. Sasa vijiti vya pembeni ni 12, saba vinakwenda kwa mwenzake, vitano vinabaki pamoja na mafungu matatu. Kisha swali linaelekezwa kwa 45: kama angebakiwa na 45 baada ya kutoa 17, angekuwa ameanza na vijiti vingapi? Wanajumlisha, inakuwa 62. Mtoto aliyeandika 45 hajatajwa, hajachekwa, naye ndiye aliyefaidika kuliko wote. Aliyepaza sauti "Fungua!" alivunja kanuni ya kimya. Kwa kiranja mwenye karatasi yake, jina la kwanza lingekuwa lake.

Najua pingamizi litakalofuata: vijiti na mazungumzo ni vya darasa la watoto 30. Pingamizi hili ni zito na si la kupuuzwa, maana tangu ada zifutwe mwaka 2001, kisha michango iondolewe mwaka 2016, madarasa ya mwanzo yamefurika. Lakini somo nililolieleza lilihitaji watoto wawili mbele, majibu mawili ubaoni na vijiti 52. Lililobadilika ni kile mwalimu alichokitarajia: jibu lisilo sahihi liwe kazi ya darasa zima, asiyeelewa aruhusiwe kusema "sijaelewa" bila kuitwa mzito, na asiwepo wa kumcheka mwenzake. Kanuni hii ya mwisho isimamiwe kwa ukali wote uliokuwa ukielekezwa kwa wapiga kelele. Bila shaka darasa kubwa linahitaji utaratibu mkali zaidi, si mlegevu zaidi.

Wala sisemi uitikiaji wa pamoja ufutwe. Kuhesabu kwa kupokezana mbili mbili na tano tano, na kuimba jedwali la kuzidisha hadi liingie kichwani, ni kazi inayofaa sauti za wengi, na mtoto asiyekariri 7 × 8 atateseka baadaye katika kugawanya. Kinachofaa kuondoka ni lile "Tumeelewa?" lenye jibu moja. Mwalimu anayetaka kujua aandike swali moja ubaoni, kila mtoto aandike jibu kwenye kibao au kipande cha daftari na kukiinua juu. Kwa mtazamo mmoja ataona 45 zimezagaa wapi.

Tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanyika nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda katika miaka ya 2009 na 2010, zilionyesha watoto wengi wa darasa la tatu wakishindwa kazi za darasa la pili. Mtaala wa Tanzania wa mwaka 2015 uliitikia kwa kuweka Kusoma, Kuandika na Kuhesabu mbele ya mengine yote katika darasa la kwanza na la pili, na mwaka 2024 utekelezaji wa mtaala mwingine mpya ukaanza. Mageuzi haya yaligusa kinachofundishwa na muda wake. Kanuni za ukutani zilibaki zilivyokuwa, na kimya bado kinachukuliwa kuwa dalili ya mwalimu hodari.

Kwa sababu hiyo pa kuanzia ni penye ukaguzi. Mthibiti ubora wa shule akiingia darasa la pili, achukue madaftari machache ya hesabu na kutazama kama kuna kazi iliyokatwa kwa mstari mmoja na kusahihishwa chini yake, au kama kila kosa limefutwa hadi karatasi ikatoboka. Kisha achague hesabu moja, akae karibu na mtoto na amuulize alivyoipata. Maelezo ya mtoto huyo yaandikwe kwenye ripoti, neno kwa neno, kando ya idadi ya vitabu na madawati.