Jumba la Roma na Leso za Mama

Nilipokuwa Roma kwa kongamano la watafsiri, wenzangu walikimbilia Colosseum. Mimi nikashika njia hadi Via Boncompagni, mtaa ulio jirani na Via Veneto, kuliko na makumbusho ya sanaa za mapambo na mitindo ya mavazi.

Jumba lenyewe lilisanifiwa na Giovanni Battista Giovenale mwanzoni mwa karne ya 20. (Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, ilisanifiwa na Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati. Majina nayo yana vituko!) Mwaka wa 1972 Blanceflor de Bildt, aliyeolewa katika ukoo wa Boncompagni Ludovisi, aliliachia taifa la Italia. Likafunguliwa kama makumbusho mwaka wa 1995.

Kilichonishika ni ukumbi mmoja uliochorwa bustani ukutani, ukisimama katikati unadhani uko nje. Mtaa huo wote zamani ulikuwa bustani za Villa Ludovisi. Roma ilipofanywa mji mkuu mwaka wa 1871, watu walimiminika, ardhi ikapanda bei, na miaka ya 1880 wenyewe wakaikata viwanja. Miti ikaanguka. Leo ukiitaka bustani, iangalie ukutani.

Kisha kuna mavazi. Kila gauni lina kibandiko chake: fundi, kitambaa, mwaka. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama na sanduku lake la leso.

Neno hili tumelipata kwa Wareno, nao husema lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kuwa katika karne ya 19 wanawake wa pwani walishona vitambaa hivyo pamoja wakapata vazi la kujitanda. Baadaye likaja jina, yale maandishi yanayokaa juu ya pindo la chini. Mama hakuzitaja leso zake kwa rangi. Alizitaja kwa majina, kama watu.

Alipofariki tuligawana. Yangu nikaichana matambara ya kupangusia gari, ati imechakaa. Jina lake silikumbuki.

Niliporudi nilimpigia dada simu. Amebaki na moja, pindo limechanika. Nikamwambia anisomee jina lake herufi kwa herufi, kisha anieleze mama aliinunua lini na alimfunga nani mgongoni. Niliandika yote daftarini.