Inawaka Lakini Haileti Picha

Kwenye meza za mafundi wa Kidatu, Mkamba na Ruaha, ugonjwa huu una jina moja tu: "haileti picha." Monita imechomekwa, taa ndogo ya mbele inawaka, kioo ni cheusi tii. Jina ni moja lakini maradhi ni mengi, na mengine hayamo ndani ya monita kabisa. Fundi anayeanza kwa kufungua skrubu hupoteza saa nzima, na mara nyingine hupoteza monita yenyewe.

Taa ile ya mbele ndiyo inayowachanganya watu. Mwenye mali akiiona inawaka huamini kuwa umeme umefika kila mahali, basi kilichokufa ni kioo. Lakini ndani ya monita ya flati umeme hupita njia mbili au zaidi: moja ya volti 5 inayolisha bodi kuu, na nyingine ya volti 12 hadi 20 hivi inayolisha taa zilizo nyuma ya kioo. Taa ya mbele ni shahidi wa ile ya volti 5 peke yake. Tena ni shahidi wa kutiliwa shaka, kwa sababu inaweza kuwaka hata volti hizo zikiwa zimeshuka hadi 4 na bodi kuu imeshindwa kuamka.

Rangi yake inasema zaidi. Monita nyingi huwasha kijani, bluu au nyeupe zinapopokea picha kutoka kwenye kompyuta, na rangi ya chungwa, au taa ya kupepesa, zisipopokea kitu. Ukiona chungwa, acha bisibisi ikae kwanza. Chomoa kebo ya picha nyuma ya monita, izime, kisha iwashe tena huku unaitazama. Monita nzima itaandika kwenye kioo ujumbe wa kukosa mawasiliano, kwa sekunde chache tu kabla ya kulala, kwa hiyo usigeuke kutafuta kalamu. Ikiandika, umeshajua mengi bila kutoa hata skrubu moja: kioo ni kizima, taa za nyuma ni nzima, bodi zote ni nzima. Anayeumwa ni kebo au kompyuta.

Kebo ya VGA, ambayo IBM waliileta mwaka 1987 na ambayo bado imejaa maofisini kwetu, ina nafasi 15 za pini. Chungulia kama ipo iliyopinda au iliyozama ndani. Pini ya tisa mara nyingi haipo tangu kiwandani, kwa hiyo usiihesabu kuwa imevunjika. Nimeona kebo nzima zikitupwa kwa kosa hilo. Halafu tazama monita imeelekezwa kwenye tundu lipi, maana yenye VGA na HDMI inaweza kuwa inasubiri picha kwenye tundu lisilo na kebo. Kama kompyuta ina kadi ya picha, kebo ichomekwe kwenye kadi hiyo, kwa kuwa tundu la bodi mama huenda limezimwa. Mwisho kabisa toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka isikike "tak" pande zote mbili. Ukileta monita kwangu bila kompyuta yake, nitakurudisha uilete.

Kidatu ina mambo yake. Hapa maji ya Ruaha Mkuu huzungusha mitambo iliyo chini ya ardhi, yenye uwezo wa megawati 204, iliyoanza kazi mwaka 1975 na kukamilika mwaka 1980. Nyaya za kilovolti 220 zinatoka hapa kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Ujirani huo haumsaidii mwenye steshenari: umeme wa volti 230 unaofika kwenye soketi yake umepita transfoma na nguzo kama mahali pengine popote, na radi za masika hazijali bwawa liko wapi. Umeme ukikatika monita haiumii. Huumia unaporudi, hasa ukirudi kwa kuruka ruka, nao ukikuta kila kitu mtaani kimeachwa kimewashwa. Ndiyo maana monita nyingi huletwa asubuhi ya kuamkia usiku wa giza.

Adui wa pili anatoka shambani. Kuanzia Juni hivi, msimu wa kuvuna miwa unapofunguliwa, mashamba huchomwa kabla ya kukatwa ili majani yaungue. Masizi marefu kama nyuzi huelea hadi kwenye kamba za nguo, kwenye sufuria, na kwenye matundu ya kupumulia ya kila chombo cha umeme. Masizi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Yakiwa makavu hayana neno kubwa, lakini unyevu wa bonde ukiyakuta yametanda juu ya bodi, huwa njia ya mkato ya umeme, zaidi pale penye volti nyingi. Usisahau na wapangaji. Nimewahi kufungua monita ya duka moja nikakuta sisimizi wamehamia kwenye bodi ya pawa na mayai yao, wamefuata joto, na pembeni mjusi mkavu kalalia miguu ya transista mbili.

Sasa tuseme umehakikisha kompyuta na kebo ni nzima, taa ni ya kijani, na kioo bado ni cheusi. Hapa ndipo tochi ya simu inapozidi kifaa chochote cha bei.

Mwalimu mmoja aliniletea monita ya inchi 19 ya maabara ya shule, akiwa ameshaambiwa kwingine kwamba kioo kimekufa. Tulifunga mlango na kushusha pazia, nikaiunganisha na kompyuta yangu, nikalaza tochi karibu na kioo ili mwanga uingie kwa pembeni. Pakajitokeza, hafifu kama maandishi yaliyofutwa vibaya ubaoni, safu ya alama za programu upande wa kushoto, na kwenye kona ya chini saa: 10:42. Tukiwa tunaitazama ikawa 10:43. Mwalimu akacheka. Kioo kilikuwa kinafanya kazi yake yote, gizani.

Kioo cha flati hakitoi mwanga wake chenyewe. Kazi yake ni kufungua na kufunga njia ya mwanga unaotoka nyuma, kama wavu wa dirisha lenye vijidirisha zaidi ya milioni. Kwa hiyo tochi ikionyesha picha, kioo na bodi kuu vimesalimika, na mgonjwa ni taa za nyuma au umeme unaozilisha. Ikiwa tochi haionyeshi kitu lakini ukizima taa ya chumba unaona kioo kina mng'ao wa kijivu kingoni, mambo yamegeuka: taa zinawaka, picha ndiyo haijafika. Na kama hakuna picha wala mng'ao, rudi kwenye volti, maana huenda bodi kuu haikuamka. Ipo hali ya nne, ninayoipenda kwa sababu inajieleza yenyewe: picha inatokea sekunde mbili, kisha giza. Hiyo ni inveta, yaani sehemu inayozilisha taa za nyuma, inajilinda. Imewasha taa, ikapima mkondo, haikuridhika, ikazima.

Kabla ya kufungua, chomoa waya wa umeme. Kapasita kubwa ya bodi ya pawa, iliyoandikwa volti 400 au 450, hubeba volti kama 325, na huweza kuendelea kuzibeba baada ya plagi kutoka. Baadhi ya mafundi huimaliza kwa kuigusisha bisibisi. Cheche inaruka, bisibisi inapata kovu, na mara nyingine bodi nayo. Balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60, yenye waya mbili, huinyonya kimya kimya. Monita ya kichogo usiifungue kabisa kama hukufundishwa: bomba lake hufikia volti 25,000, na kwa sasa halistahili hatari hiyo.

Flati ilaze kifudifudi juu ya kanga iliyokunjwa. Skrubu ni chache, mara nyingi ziko chini ya mguu wake tu. Fremu imeshikwa na vikulabu, na kadi ya benki iliyoisha muda huvitoa bila kuvivunja. Ndani utakuta bodi mbili chini ya bati: bodi kuu yenye matundu ya kebo, na bodi ya pawa, ambayo kwenye monita za taa za mirija huwa imeungana na inveta. Fyuzi ya bodi ya pawa usipoteze muda kuipima. Kama taa ya mbele inawaka, fyuzi ni nzima.

Tazama kapasita. Zile ndogo zenye umbo la kopo, upande wa volti za chini, maikrofaradi 470 au 1000, volti 16 au 25. Kapasita nzima ina kichwa bapa kama kifuniko cha soda. Iliyochoka imevimba pale kwenye msalaba uliochongwa juu, au imetoa ukoko wa kahawia, au imeinuka kidogo kwa kusukumwa kutoka chini. Monita ya yule mwalimu ilikuwa na tatu, zimepangana, na zote zilikuwa ubavuni mwa bati la kupoozea. Hilo si bahati mbaya. Umri wa kapasita ya aina hii hupungua kwa nusu kila joto linapopanda nyuzi 10, na waliobuni bodi wameiweka mahali penye joto kuliko pote. Kuna pia historia: kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita nyingi, hasa za viwanda vya Taiwan, zilitengenezwa kwa maji mabovu ya ndani, zikavimba dunia nzima kabla ya wakati wake. Kompyuta nyingi zilizofika kwetu zikiwa zimetumika zilitoka katika miaka hiyo.

Dalili ya kapasita inayochoka ni tabia ya monita kukataa asubuhi na kukubali mchana, au kuhitaji kuwashwa mara tano ndipo iamke. Pima volti monita ikiwa imewashwa: ikiwa ya 5 inasoma 4.2 na inacheza cheza, umempata. Usidanganywe na vichwa bapa pia. Nyingine hufa bila kuvimba. Mpya iwe na maikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, iandikwe 105°C wala isiwe 85°C, na iwe ya kazi ya pawa, yenye upinzani mdogo wa ndani. Mstari mweupe ubavuni ndio upande wa hasi, ukiigeuza italipuka. Na badilisha zote za eneo lile, hata iliyo nzima. Kapasita moja bei yake haitishi, kufungua monita mara ya pili ndiko kunakokula siku.

Kapasita zikiwa sawa na bado picha inazima baada ya sekunde mbili, nenda kwenye taa zenyewe. Monita za zamani zina mirija myembamba kuliko penseli, miwili au minne, inayotaka mamia ya volti ili iwake na zaidi ya elfu moja wakati wa kuamshwa. Mmoja ukichoka inveta huzima yote. Mrija unaochoka hujitangaza mapema: monita huwaka na wekundu au waridi kwa dakika kadhaa, na ncha za mrija huwa nyeusi. Kwa kuwa mrija mmoja mmoja hauonekani madukani, mafundi wengi huutoa na kupachika mkanda wa LED na kibodi chake cha kuendeshea, kazi inayotaka mkono mwepesi, kwa sababu karatasi za kusambaza mwanga zikiingia masizi ya miwa au alama ya kidole, doa hilo litaonekana kila siku. Mirija ina zebaki. Isivunjwe na isitupwe shimoni wala mtoni.

Monita za LED ni rahisi zaidi kufikiri na ngumu zaidi kufikia. Taa zake zimeunganishwa kwa mfululizo, kila moja ikila kama volti 3, kwa hiyo moja ikikatika mstari mzima huzima. Lakini kabla ya kuchomoa kioo, pima waya iliyoandikwa BL-ON kati ya bodi mbili. Ikiwa haina volti, taa hazina kosa. Bodi kuu haijaziamuru.

Ile hali ya mng'ao bila picha ni fupi kuieleza. Chomoa na urudishe utepe unaotoka bodi kuu kwenda kwenye kioo, ukisafisha meno yake kwa spiriti, maana unyevu wa hapa huyaoza. Angalia fyuzi ndogo kama punje ya mchele kwenye bodi ya kioo. Kioo cha aina ya TN kisichopata umeme hubaki cheupe chote, cha IPS au VA hubaki cheusi, na tofauti hiyo imewapeleka wengi kwenye bodi isiyohusika. Vyote vikiwa sawa, aisi ya miguu minane inayohifadhi programu ya monita huenda imefutika kwa mshtuko wa umeme. Huandikwa upya kwa kifaa chake. Kioo chenyewe kikiwa kimepasuka hakuna dawa: kukinunua peke yake hukaribia bei ya monita nyingine, nayo iliyopasuka inakuwa ya kuchinja, bodi zake zikasubiri ndugu zake.

Ukimaliza, usifunge skrubu zote. Ya mwalimu niliiacha na fremu yake lakini bila skrubu, mwanga umeongezwa mpaka mwisho, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Nilipoweka kiganja mgongoni mwake ilikuwa na vuguvugu tu.