Kamera iliyofichua uchafu wa plastiki Nakuru

JAMES Wakibia, mpigapicha wa Nakuru, alianza mwaka wa 2013 kunasa kwa kamera mifuko ya plastiki iliyozagaa katika jaa la Gioto na viunga vyake. Mwaka wa 2015, alieneza picha hizo mitandaoni akitaka mifuko hiyo ipigwe marufuku. Prof Judi Wakhungu, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliunga mkono wito huo.

Marufuku ilianza kutekelezwa Agosti 28, 2017. Anayetengeneza, kuagiza au kutumia mifuko hiyo hukabiliwa na faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne.

Picha hazitungi sheria, ila taka ambazo macho yamezizoea hugeuka ushahidi zinapopigwa picha.